Mguu Huu Haukandwi

Kama unasoma haya na mguu wako mmoja umevimba kuliko mwenzake, una joto, unauma kwa ndani, na huko jikoni kuna mtu anachemsha maji ya kukukanda, weka karatasi hizi chini uende hospitali. Utamalizia ukirudi. Mimi na hasira yangu tutakungoja hapahapa.

Naitwa Nafula. Nina miaka kumi na saba na si mtu wa maneno. Shuleni kwetu, upande wa Chakol, mwalimu wa hesabu aliwahi kuandika kwenye ripoti yangu, "Nadhani anaelewa." Siku zote nimeongea na daftari tu. Haya nimeyatoa kwenye daftari hilo na kuyapanga kwa sababu muuguzi mmoja wa kliniki aliniomba nisimulie, ili wasichana wengine wajue. Nilimkubalia. Sikumwambia kwamba nilikuwa na sababu yangu nyingine. Nilitaka Senge asome.

Senge ni dada ya baba. Kwetu senge wako ni kama baba aliyevaa sketi. Akisema kaa, unakaa. Humjibu, na humsahihishi mbele ya watu hata akisema jua ni mwezi. Wangu anaitwa Rosa, na nyumba yake iko ndani ya boma letu, nje kidogo ya mji wa Busia. Kutoka mlango wetu unaona moshi wa jikoni yake. Baba anafanya kazi mbali, tunamwona Krismasi. Mama alikuwa anapikia madereva wa malori pale Malaba, wale wanaokaa foleni wakingoja kuvuka kwenda Uganda. Alikuwa analala huko wiki nzima na kurudi Jumamosi mchana. Kwa hivyo siku zote zilizobaki nilikuwa wa Senge.

Ugonjwa wangu ulianza na kitu cha aibu. Mwezi wa tatu nilianguka kwenye ngazi za bweni nikiwa na ndoo ya maji, mbele ya Kidato cha Nne wote. Maji yalifika chini kabla yangu. Mfupa wa kifundo ulipasuka, nikafungwa plasta mpaka chini ya goti na kurudishwa nyumbani na magongo.

Mtu wa plasta alinionya. "Tembea na hayo magongo. Chezesha vidole. Usilale tu kama bibi harusi." Nililala tu. Watoto wa majirani walikuwa wananifuata wakiiga magongo yangu kwa fimbo, tak-tak-tak, mmoja mbele na wengine nyuma kama gwaride, na mimi nikaona heri nikae ndani. Wiki sita nilikuwa kitandani, mguu juu ya mto, nikiandika. Nikiangalia nyuma, naona hasira ya kwanza ilifaa iniangukie mwenyewe. Lakini hasira huchagua nyumba ya kuingia.

Plasta ilitolewa mvua ndefu ikiwa imeshika. Mguu ulitoka humo mwembamba na mweupe-mweupe kama kitu kilichofichwa. Siku ya nne ukaanza kunenepa, na nikafurahi, nikidhani nyama inarudi. Siku ya sita ulikuwa umepita mwenzake. Ulivimba kutoka kifundo mpaka pajani. Ngozi iling'aa kama nyanya, na nyuma, kwenye shavu la mguu, kulikuwa na maumivu kama mtu amefunga kamba kwa ndani na anaivuta.

Senge aliuinua, akaubonyeza kwa kidole, akaangalia shimo lililobaki.

"Damu imelala hapa," akasema. "Plasta imeilaza. Hii ni ya kuamshwa."

"Senge, labda turudi hospitali?"

"Hospitali ndiyo imeilaza. Sasa unataka waizike?"

Akamwita Mama Konso.

Mama Konso ni mwanamke mkubwa wa mikono mipana, kwao ni upande wa Sio Port. Anakanda wanawake waliojifungua, wazee wenye migongo mibaya, watoto walioteguka mikono. Boma letu zima limepita chini ya vidole vyake. Nitampa haki yake: si mwizi na hajifanyi mganga. Anaamini mikono yake tu, na hilo ndilo la kutisha. Alileta taulo lake. Maji yalikuwa na chumvi na yalikuwa moto wa kunyonyolea kuku. Kwanza taulo, halafu mafuta, halafu vidole gumba viwili vikipanda kutoka kifundo kwenda juu, kama mtu anayekamua dawa ya meno ya mwisho.

"Mama, inauma. Aki inauma."

"Lia tu, mama. Ikiuma ndiyo inaamka."

"Si wewe ni msichana mkubwa?" Senge alisema. Alikuwa amenishika mabega. "Kama huyu analilia mguu, atazaa aje?"

Wakacheka wote wawili. Hicho kicheko nimekiandika kwenye daftari mara tano, kwa kalamu nyekundu.

Walinikanda Jumatatu. Wakanikanda Jumanne. Jumatano walinipumzisha, na Alhamisi wakarudi. Alhamisi, Mama Konso akiwa nyuma ya goti na mimi nikiuma kona ya mto, kitu kilinichoma ubavuni upande wa kulia. Nilivuta pumzi ikaishia katikati. Nikavuta tena, ikaishia palepale. Ilikuwa kama kupanda ngazi ukakuta za juu zimetolewa. Moyo ulianza kukimbia peke yake, na mimi nimelala.

"Imeamka sasa," Mama Konso akasema, akijipangusa jasho. "Ona anavyopumua."

Ijumaa sikuweza kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushika ukuta. Senge alisema ni baridi ya kifua, akanipaka mafuta ya kuchua na kunipa chai ya tangawizi. Mchana nikakohoa, na kwenye leso yangu nyeupe, ile ya sare, kukawa na damu. Haikuwa nyingi. Ilikuwa kama mtu ameponda zambarau mbili. Nikampelekea Senge, maana sikuwa na mwingine.

Aliitazama muda. Namjua Senge, na najua aliogopa. Hapo ndipo sijamwachilia mpaka leo, kwa sababu aliogopa na bado akafanya alichofanya.

"Umeuma ulimi."

"Sijauma, Senge."

"Sikia, Nafula. Watu wakiona hii watasema una TB. Unajua TB inavyotembea midomoni mwa watu hapa? Nani atakuoa? Nyamaza." Akatoka na leso. Nilimwona kupitia dirisha akienda chooni, na akarudi mikono mitupu.

Jumamosi Mama alifika. Hakuweka hata kikapu chini. Aliangalia midomo yangu, akauliza, "Kwa nini ana rangi ya jivu?" na kabla Senge hajajibu alikuwa barabarani anasimamisha gari, Probox ya mtu anayepeleka vitunguu sokoni. Nilifika hospitalini Busia nimekaa juu ya magunia ya vitunguu, nikipumua kwa vipande, Mama amenishika upande mmoja na Senge upande mwingine. Ndiyo, alikuja. Alivaa na kitambaa kizuri.

Kwenye benchi ya kungoja kulikuwa na watu wengi kuliko nafasi. Mama mmoja Mganda mwenye mtoto wa homa aliniangalia, akasimama, akamwambia Mama, "Nyabo, mwache alale hapa," na yeye akakaa sakafuni. Sijui jina lake. Katika wiki hiyo yote ndiye mtu wa kwanza, ukiacha Mama, aliyeniona.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa uchovu. Mama alikuwa amekimbia kutafuta kadi, kwa hivyo chumbani tulikuwa sisi watatu: daktari, mimi na Senge. Alisikiliza kifua. Akauliza kikohozi kimeanza lini. Halafu akauona mguu.

"Na huu mguu, mmeufanyia kitu?"

"Hatujafanya kitu," Senge akasema. "Ni wa plasta tu. Uko hivyo."

"Amekohoa damu?"

"Hapana."

Na mimi nikanyamaza. Ninyi mnaosoma mtasema, si ungesema? Ulikuwa na mdomo. Lakini senge wako amesema hapana mbele ya mtu mgeni, na wewe umelelewa hivyo tangu uanze kutambaa, na pumzi yenyewe uliyobakiwa nayo haitoshi sentensi. Daktari aliandika homa ya mapafu. Nikalazwa, nikapewa oksijeni na dawa za homa ya mapafu, na damu iliyoganda ikaendelea na safari yake bila kusumbuliwa, siku moja na usiku wake.

Aliyeniokoa ni muuguzi wa zamu ya Jumapili, mwanamke mfupi wa maneno makali. Alifunua shuka anipanguse, akasimama na kitambaa mkononi. Kwenye paja na nyuma ya mguu kulikuwa na alama za bluu, mbili-mbili, zimepanda kama nyayo.

"Hivi ni vidole," akasema. "Vya nani?"

Senge hakuwepo, alikuwa ameenda kanisani kuniombea. Nilimwambia muuguzi kila kitu. Maneno yalitoka moja-moja kama kokoto, na kila nikitoa moja nilikuwa navuta hewa ya mashine. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoka karibu akikimbia. Ndani ya saa moja nilikuwa nimepimwa mguu kwa ile mashine ya jeli baridi, na alasiri nikapelekwa kupigwa picha ya kifua. Wakasema mishipa ya mguu ina damu iliyoganda, na vipande vimekatika vikapanda mpaka mapafuni. Zaidi ya hapo sitaeleza, maana si kazi yangu. Daktari yuleyule kijana alikuja kwa Mama na kumwambia, polepole, kama anayejilaumu, "Mama, mguu kama huu haukandwi. Kila ukikandwa unasukuma ile damu. Msichana wako alikuwa karibu kuenda."

Mama alikuwa hajui chochote kuhusu kukandwa. Alimgeukia Senge, aliyekuwa amerudi na Biblia yake kwapani.

"Rosa. Umemfanya nini mtoto wangu?"

"Nilimsaidia. Wewe ulikuwa wapi? Si ulikuwa unachekesha madereva Malaba?"

Wodi nzima ilisikia. Mama aliketi kwenye kitanda changu, akavua viatu vyake, na hakurudi Malaba tena. Mahali pake pa kupikia palichukuliwa na mwanamke mwingine. Hilo nalo nimeliandika kwa nyekundu.

Nilidungwa sindano tumboni, asubuhi na jioni. Ukifika huko usiogope, ni sindano ndogo, ila inaacha tumbo na madoa kama chui. Muuguzi yule mfupi alinifundisha kufinya ngozi.

"Shika mafuta ya tumbo hivi."

"Sina mafuta, sista."

"Basi shika aibu, hiyo unayo nyingi."

Nilicheka na ikauma ubavu, lakini nilicheka. Kitanda cha pili alilala mama mzee wa Kiteso kutoka Chakol, tulimwita Toto, maana ndivyo Wateso wanavyoita mama. Hakuniuliza chochote siku zote kumi. Mashine ikizima umeme ukipotea, alikuwa anaamka na kipande cha katoni na kunipepea mpaka taa zirudi, huku akiimba kitu kwa Kiteso kwa sauti ya pua. Najua katoni haiongezi oksijeni. Ilinitosha.

Nilitoka hospitalini nikiwa na vidonge vya kuzuia damu kuganda na kadi ya kliniki. Kuanzia hapo mwaka wangu haukuhesabiwa kwa mihula. Nilihesabu kwa kliniki. Mwanzoni kila wiki, halafu kila wiki mbili, mahindi yakiwa magotini, mahindi yakiwa yametoa nywele, mahindi yakivunwa. Unafika mapema, unaweka kadi yako juu ya nyingine, unakaa. Wanakutoa damu kuangalia kama ni nyepesi mno au nzito mno. Benchi hiyo ni ya watu wa kila aina: dereva wa lori aliyekaa kwenye usukani siku nyingi mpaka mguu ukavimba, mama aliyefanyiwa upasuaji, mzee wa moyo. Tulikuwa tunalinganisha miguu kama watu wanavyolinganisha watoto.

Mwili wangu uliniaibisha kwa njia mpya. Hedhi ilikuja kama bomba limepasuka, na ilibidi nimwambie daktari mwanamume, na nikamwambia, nikiangalia kalenda ukutani. Hakucheka. Alisaidia. Nawe useme. Nikipiga mswaki fizi zinatoa damu. Nikigonga meza kidogo napata doa. Mguu ukawa unavimba kila jioni, na nikapewa soksi ndefu ya kubana, rangi ya mtu mwingine kabisa, ya kuvaa na joto letu hili. Nikaambiwa nisibadilishe mboga ghafla, maana zinagusa dawa: kama nilizoea sukuma wiki na kunde kiasi fulani, niendelee na kiasi hichohicho, na nisimeze dawa ya mitishamba wala ya maumivu bila kuuliza. Shuleni nilirudi muhula wa tatu. Wenzangu walikuwa wamekubaliana kwamba nilikuwa na mimba. Nilipandisha sketi nikawaonyesha soksi. Wakaona ni afadhali ile mimba.

Na Senge? Senge alipona kabla yangu. Mwezi wa saba alisimama kanisani kutoa ushuhuda. "Mtoto wa ndugu yangu alikuwa maiti. Nikamkanda kwa mikono ya watumishi, tukaomba, na leo mnamwona." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa benchi ya tatu, soksi ikiniwasha. Mama Konso alipata wateja wapya wanne.

Nikaanza kulipiza, kwa njia za mtu mwenye haya. Niliacha kumwita Senge. Nikawa namwita Mama Nekesa, jina la binti yake mkubwa, kama ninavyomwita jirani yeyote. Mara ya kwanza alisimama na sinia mkononi. "Umeniita nani?" "Mama Nekesa, shikamoo." Kwetu hilo ni kofi, na lilimfika. Halafu sufuria yake kubwa, ile ya maji ya kukandia, niliitoboa kwa msumari siku moja akiwa sokoni. Akanunua kubwa zaidi. Kwenye daftari niliandika kila jioni kitu kimoja ninachotaka kimpate. Sitayaandika yote hapa. Moja lilikuwa hivi: apate mtu wa kumlilia, na mtu huyo asisikie.

Nekesa mwenyewe hakuwahi kunikosea. Ana miaka ishirini na mbili, ana kelele, anapenda kunisuka nywele bila kuniuliza. Mwezi wa kumi, mvua fupi zikianza, alijifungua mvulana kwa kupasuliwa, akarudi kwa mama yake kulelewa kama desturi. Siku za kwanza wanawake walimkanda mgongo kwa maji ya moto kama wanavyokanda wazazi wote. Wiki ya pili, Jumamosi ya mapumziko ya nusu muhula, nilienda kumwona mtoto. Ilikuwa saa sita mchana. Senge alikuwa nje anaosha nepi.

"Nafula, kuja uone kitu," Nekesa akasema. Akavuta kanga. "Huu mguu si umekuwa kama gogo? Ni huu mmoja tu. Umeniuma tangu juzi."

Ulikuwa wa kushoto. Uliniangalia kama dada yangu pacha. Niliweka kiganja juu yake. Ulikuwa moto. Uling'aa.

"Mama ameita Mama Konso," Nekesa akaendelea. "Atakuja saa kumi. Anasema damu imelala. Si ulikandwa wewe? Huwa inauma?"

Nikasema, "Acha nimwangalie mtoto."

Nikamwangalia mtoto. Nikasema ni mzuri. Nikaenda nyumbani.

Sasa nitasema kile ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata Mama. Nilijua. Boma zima hakuna aliyejua kama mimi nilivyojua. Mama alikuwa ameenda kumtembelea ndugu yake huko Nangina na angerudi jioni, lakini ulikuwepo mdomo wangu, na hatua chache za kutembea. Nilikaa mlangoni na beseni la karanga, nikaanza kumenya. Nikawaza: wacha aone. Wacha ashike mabega ya binti yake mwenyewe. Wacha aulizwe na daktari. Nilijihisi mrefu. Maisha yangu yote nimenyamaza kwa sababu naogopa, na siku hiyo kwa mara ya kwanza nilinyamaza kwa sababu nina nguvu. Ilikuwa tamu. Nasema ukweli, ilikuwa tamu kama kitu cha kuiba.

Saa saba. Saa nane. Saa tisa moshi ukapanda kutoka jikoni kwa Senge, na nikajua sufuria imekaa motoni. Nikamenya. Maganda yalikuwa yamefunika miguu yangu. Mtoto alilia huko, akanyamazishwa kwa titi.

Saa kumi kasoro Mama Konso akapita mbele yetu na taulo lake begani. Akaniona, uso ukafunguka kwa furaha.

"Si huyu ndiye mtoto wangu niliyemwamsha! Mulembe, mama. Umenenepa! Kuja, kuja. Huyu Nekesa anaogopa. Kuja umwambie wewe mwenyewe, akuone, ajue haiui."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa joto na mwororo, na vidole gumba vilikuwa vilevile. Nikainuka, karanga zikamwagika.

Ndani kulikuwa na wanawake watano au sita, wale wa kanisani, waliokuja kumwona mzazi. Nekesa amelazwa mkekani, mguu umefunuliwa. Senge alikuwa anapima maji kwa kiwiko. Akasema bila kuniangalia, kwa sauti ya ushuhuda, "Haya Nafula. Mwambie dada yako."

Alitaka nimtolee ushahidi. Na mimi, mtu ambaye mwalimu anadhani naelewa, nikautoa.

"Nekesa, usikubali," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia kwa nguvu. "Usikubali! Walinikanda mara tatu. Ya tatu nikakosa pumzi. Nikatema damu kwenye leso, nikampelekea Senge. Akaitupa chooni. Daktari akauliza kama mguu umefanywa kitu, Senge akasema hapana. Akauliza kama nimetema damu, Senge akasema hapana. Nilikuwa nakufa na yeye anasema hapana."

Mama Konso aliniachia mkono kama umemchoma.

"Rosa?" mwanamke mmoja akasema. "Hiyo ya leso ni kweli?"

"Huyu mtoto ni mgonjwa wa kichwa sasa," Senge akasema. Lakini kiwiko chake kilikuwa bado ndani ya maji, na hakukitoa. "Mtoto wa ndugu yangu ananivua nguo mbele ya watu."

"Ndiyo," nikasema. "Nimekuvua."

Nikaishika sufuria kwa kitambaa chake kizuri na kumwaga maji mlangoni. Kuku walitawanyika. Senge aliinua mkono kunipiga, na aliyemzuia ni Mama Konso. Alimshika kifundo cha mkono, akamuuliza polepole, "Mtoto alitema damu, Rosa, na hukuniambia? Ukanipeleka kanisani nipigiwe makofi?"

Nekesa alikuwa anahema. "Niitieni gari," akasema. "Nyinyi gombaneni baadaye."

Ilikuwa damu iliyoganda, mguuni. Mapafuni ilikuwa haijafika. Walimuanzishia sindano jioni hiyohiyo, na wakamwambia anaweza kuendelea kunyonyesha. Wanawake wa kanisani walitembeza habari ya leso kutoka boma hadi boma kabla ya Jumapili. Senge hajasimama tena kutoa ushuhuda. Anakaa benchi ya nyuma, karibu na mlango. Nikipita naona anajipanga asinione, na bado inanifurahisha. Hajaniomba msamaha, nami sijamtafutia. Kama ulikuja hapa ukitarajia tumekumbatiana, umepotea njia.

Siku ya tatu nilimpelekea Nekesa uji hospitalini. Mtoto alikuwa amelala kifuani pake, na tumbo la Nekesa limeanza madoa ya chui. Akanywa nusu kikombe bila kuongea, yeye mwenye kelele.

"Nafula. Nilikuonyesha huu mguu saa sita."

Nikapokea kikombe chake.

"Ulikuja saa kumi. Kuanzia saa sita ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa namenya karanga."

Alielewa, niliona akielewa, ilipita usoni mwake kama kivuli cha ndege. Halafu akamfunika mtoto miguu.

"Sitaambia mtu," akasema. "Hata Mama. Wacha iishe hapa."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi ya nje. Kwa kunifichia, Nekesa alikuwa ameniokotea leso yangu na kwenda nayo chooni. Alifanya kwa upendo, na labda Senge naye aliamini ni upendo. Saa nne nilizokaa na lile beseni, kipande kimoja kingeweza kukatika wakati wowote, bila Mama Konso kumgusa, na mtoto angelia akanyamazishwa na nani?

Kwa hivyo nimeandika, Nekesa, ili usinifichie. Senge akisoma, asome lake na asome langu. Na wewe uliye na mguu mmoja uliovimba, kama umefika hapa bado umekaa, inuka. Usingoje jirani anayejua aamue kukuambia.